Jicho la Babu Lugembe

Bi Sikuzani, shikamoo. Nisaidie mwanao kabla sijagombana na ukoo mzima, maana hapa nilipo nimechoka hata kulia. Mtoto wangu wa kwanza ana miezi minne, alizaliwa na kidoa chekundu kwenye kope ya kushoto, kama ameumwa na mbu, lakini kikakua kikatuna mpaka sasa kope imeshuka na jicho halifunguki vizuri, na ukweni kwangu Ntalikwa badala ya kuhuzunika walipiga vigelegele wakasema Babu Lugembe karudi, kwa sababu marehemu babu wa mume wangu naye alizaliwa na uvimbe pale pale, wake ukaisha wenyewe utotoni ikabaki ngozi iliyolegea tu, na hadi leo wanamsifu kwa maringo, kwamba ukimjia kwa kushoto hakuangalii mpaka ageuze shingo yote kama mtemi, basi mtoto akapewa jina na kuku akachinjwa. Daktari akasema ni uvimbe wa mishipa ya damu, akatupa dawa ya maji, lakini mama mkwe aliyekuja kunisaidia uzazi aliposoma chupa akasema hiyo ndiyo dawa yake ya presha, mtoto mchanga ana presha gani, akaifungia kabatini, na mume wangu Bundala akaendelea kula kama hayumo. Mimi nikaogopa kuitwa mkorofi, na kliniki waliponiuliza nikajibu mtoto anakunywa vizuri, wakashangaa uvimbe haupungui, wakaniongezea kipimo. Nifanyeje, au kweli nikimtibu nitakuwa namfukuza babu?
Pelagia, Ipuli

Marahaba, Pelagia. Nimesoma barua yako nikaiweka chini nikaenda kuchemsha chai, maana ningekujibu papo hapo ungelia tena.

Pole sana. Kidoa si kosa lako. Na mama mkwe usimchukie, kasoma vizuri, dawa ni ile ile. Alichokosea ni kudhani dawa ina kazi moja. Chumvi si tunaungia mboga na tunasukutulia koo? Na dawa hiyo madaktari huitumia pia kuisinyaza mishipa hiyo, kwa kipimo cha mtoto.

Sasa nikugombeze. Unamdanganya nesi? Umeongezewa kipimo cha dawa ambayo mtoto hajawahi kuionja. Siku kabati likiachwa wazi ukamnywesha kipimo hicho, moyo wake unaweza kupiga polepole kupita kiasi na sukari ikashuka, halafu utamweleza nani kwamba uliogopa kuitwa mkorofi? Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa bado unaficha.

Kesho asubuhi rudi kliniki useme ukweli wote. Watakusema, vumilia. Usimpe hata tone kabla hawajasikiliza moyo wake na kumwanzishia upya kipimo kidogo. Usimpe akiwa na njaa, na siku akikataa ziwa au akitapika, iache kwanza uwaulize. Kidonge cha bibi yake usikiguse hata kwa kukikata vipande. Bundala aende nawe, mdomo anao, na mama mkwe mchukueni amsikie daktari kwa masikio yake. Msiseme mtasubiri mavuno wala wageni waondoke.

Na huyo babu. Umeniandikia jibu mwenyewe hukulisoma. Ni kweli uvimbe wa namna hii mara nyingi huisha wenyewe, nao wamelishika hilo tu. Lakini jicho la mtoto hujifunza kuona katika miezi hii hii. Likifunikwa sasa, kope inaweza kufunguka baadaye na jicho lisione. Mzee anayegeuza shingo yote ndipo akuone, mimi sikumjua, ila hayo mnayaita maringo kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kama upande ule anaona.

Mwambie mama mkwe hivyo, kwa adabu, na chupa ikiwa mezani. Hakuna anayemfukuza babu. Kama kweli amerudi, safari hii mpeni macho mawili.