Betri ya Azan siku ya harusi ya Salsabil

Maisa, uko wapi? Kaka Azan kaaibika leo, hata kula hali.

Si alikuwa anampeleka Salsabil, mdogo wa mkewe, ukumbini akaozwe? Jaffar, kakake bibi harusi, kakaa mbele. Ndiye walii wa kumwozesha, maana baba yao alishafariki.

Kufika Ubungo gari likazima. Azan akaliwasha, likaenda kidogo, taa ya betri na ya injini zikawaka, likazima tena. Nyuma honi na matusi!

Jasho linamtoka, akamgeukia Jaffar: "Wewe si uliliazima juzi? Umebadilisha betri yangu, ukaniwekea mbovu!"

Yaani alimwita mwizi, Maisa. Mwizi! Mbele ya bibi harusi.

Azan akashuka, akafungua boneti kwa hasira ili amuumbue. Betri ni ileile yake. Waya wake ndio umelegea, unachezacheza, na aliyeufunga ni Azan mwenyewe, jana alipokuwa anaweka redio mpya.

Akaukaza, akafunga boneti. Akawasha gari, taa zote mbili zikazimika.

"Shemeji, nisamehe. Twendeni."

Jaffar alishashuka. Salsabil naye anakusanya gauni lake, akamwambia kwa upole, "Shemeji, wewe tangulia tu. Sie tunachukua bajaji."

Azan akaifuata ile bajaji mpaka ukumbini, peke yake ndani ya gari lililopambwa maua. Halikuzima hata mara moja.