Nyumba ya Miguu ya Mama Zuhura

Jumanne. Mvua tangu alfajiri.

Humu daftarini nimeshaandika mengi kuhusu ule mji mdogo wa Brazili, kando ya mto mpana ambao ukisimama huku, ng'ambo huioni. Watoto wanaenda shule kwa mashua. Kituo cha mafuta kinaelea. Nyumba zina miguu ya miti, maji yanapita chini, watu juu wanakula samaki mkubwa kama bajaji. Mtaani naitwa Anko Brazili, na jina nalipenda, sifichi.

Sasa ukweli. Ubaharia niliufanya kweli. Meli yetu ilitia nanga pale siku mbili. Sikushuka. Nyumba zile niliziona nikiwa melini, namenya viazi.

Mama Zuhura, mjane jirani yangu hapa Temeke, anayekaa kule bondeni, hayo hayajui. Mafuriko yaliyopita yalimtoa na godoro kichwani. Alipoamua kujenga upya, juu ya miguu kama kule Brazili, akaniuliza miguu ya nyumba inafukiwa chini kiasi gani. Mie huyo, bila kupepesa: dhiraa mbili.

Akapima dhiraa kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mama Zuhura ni mfupi.

Na ule ni mchanga wa mto.

Leo saa nne maji yameshafika kwenye miguu ya nyumba yake mpya, yeye yuko juu na wajukuu wawili, anakaanga maandazi, ananipungia mkono. Nikapanda ngazi. Ngazi ikacheza. Nikamwambia yote: kule sikuwahi kuishi, zile dhiraa nilitunga, tushuke.

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Kaka, leo mvua imekukosesha watu wa kuwapiga kamba, ndo ukaona unipige mie? Kaa, ule andazi."

Miaka yote uongo wangu unaaminika, ukweli wa dakika tano umekataliwa mlangoni. Sakafu ya mbao ikalia. Mie niliisikia, yeye hakuisikia.

Basi nikakaza uso. Nikasema kule Brazili, maji yakigusa nyumba mpya mara ya kwanza, wenyewe hutoka wakaiacha mpaka yashuke, ili mto uizoee. Anayebaki ndani anajiitia msiba.

Akaepua karai palepale. "Sasa mbona hukuanza na hilo?"

Mjukuu mdogo nilimbeba mgongoni. Sasa wako sebuleni kwangu, huku juu. Tangu adhuhuri Mama Zuhura yuko kwenye simu anawasimulia wenzake wa bondeni mila ya Brazili, na familia mbili zimeshahama.

Maji yameanza kushuka. Nyumba imesimama, ila imelalia upande mmoja, na yeye anauliza arudi lini.

Nimemwambia mpaka ikaguliwe na fundi aliyepitia Brazili.

Kesho asubuhi natoka kumtafuta fundi yeyote anayeujua mchanga. Ishu ni kumshawishi akubali kwamba Brazili alifika.