Noti nne za Marwa na Mama Bhoke

Ijumaa, Nyamongo. Jua limewaka kutwa nzima na vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Nimetoka mazoezi ya kwaya sasa hivi, sijavua hata viatu, na nisipoandika nitapasuka.

Jumapili tunafungua kanisa letu jipya. Kwaya itaimba wimbo mzito wa zamani, kazi ya Mzungu mmoja aliyekufa karne nyingi zilizopita, ambao niliupata kwa nota za sol-fa nikiwa chuo cha ualimu. Nimeutamani miaka yote. Sasa nina kwaya inayouweza, na wiki hii nzima nimekuwa nikiona unaniponyoka mikononi.

Wimbo unaanza na watu wawili tu. Besi anatangulia chini, kisha sauti ya pili inaingia juu yake, na wanakwenda hivyo wawili peke yao muda mrefu kabla wengine hawajafungua mdomo. Besi wangu ni Marwa, mchimbaji, mwenye sauti inayotoka chini kuliko duara, lile shimo la dhahabu analochimba. Sauti ya pili ni Mama Bhoke, na sijasikia mwingine kama yeye Tarime nzima. Mwaka huu Marwa amemuoa Bhoke.

Aliyelelewa huku kwa Wakurya ameshaelewa. Mtu hamtazami mama mkwe wake usoni. Hakai naye chumba kimoja, hampi mkono, akimwona njiani anapinda pembeni. Wala hawajagombana, ni heshima tu. Tangu harusi Marwa alikuwa hajakanyaga mazoezini.

Mimi kwa akili zangu nikamwita, nikaipanga kwaya nusu duara, nikamweka mkwe mwisho huku na mama mkwe mwisho kule. Mbali kabisa! Sikufikiria kwamba ncha mbili za nusu duara zinatazamana. Mama Bhoke akajifunika kitenge kichwa kizima. Marwa akatoka kwa mlango wa nyuma, haraka, bila kuaga. Baadaye mama akanijia akasema, "Mwalimu, mimi nitakaa nyumbani. Acha mtoto aimbe." Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa niseme habari ya wimbo mwingine. Tangu rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo mapya, ipambe moto ng'ambo ya kilima, hapa kuna wimbo mmoja tu. Unapigwa na bodaboda, unapigwa kwa kinyozi, unapigwa mpaka kwenye karasha zinazosaga mawe, kana kwamba zile mashine hazina kelele za kutosha. Kijana anaimba kwamba akipata gramu zake atarudi kwa mpenzi wake. Nilikuwa nimeuchukia. Najiona mtu wa muziki mzito, na ninaringa kidogo, sitaficha.

Jumanne natoka Nyamwaga ninakofundisha, dereva wa bodaboda akaufungulia. Sikuwa na pa kukimbilia, nikaanza kuuchambua kwa hasira, kama ninavyosahihisha madaftari. Besi yake ni ipi? La, so, fa, mi. Inarudi juu. La, so, fa, mi. Nikampiga dereva begani nikamwambia simama. Akadhani nimeangusha simu.

Ni noti zile zile.

Wimbo wangu wa Jumapili, ninaoutunza kama yai, umesimama juu ya la, so, fa, mi inayoshuka na kurudi tangu mwanzo hadi mwisho. Na huu wa kinyozi hivyo hivyo. Mwili ulinisisimka pale barabarani na jua lote lile. Watu wawili wasiojuana, mmoja na wigi lake huko Ulaya, mwingine na kofia yake hapa kwetu, wametaka kusema huzuni na wote wakashuka ngazi ile ile.

Tangu hapo nimezilinganisha mpaka chai inapoa. Wa kijana haukawii, kabla hujatulia kiitikio kimefika na wote wanaimba sauti moja kwa nguvu, mtu na mkwe wake. Wa Mzungu hauna kiitikio. Unakufanya usubiri. Wa kijana una ngoma inayokushika mkono, wa Mzungu umeachiwa pumzi za watu tu. Sauti ya kijana ni kubwa mwanzo hadi mwisho, wakati ile ya zamani inaanza kwa kunong'ona, na unapokuja kushtuka imejaa nyumba. Zamani ningesema huu ni bora kuliko ule. Leo siwezi kusema hivyo, najua tu kwamba zinanifanyia vitu tofauti.

Ule wa kijana ndio ulionipa wazo. Besi yake inapigwa na mashine, basi na mimi nikaweka zile noti nne kwenye kinanda zijirudie zenyewe. Besi bila Marwa! Jana nikamwomba Mama Bhoke arudi, akaimba juu yake, na mahali ninapopapenda kuliko pote pakafa. Ni pale sauti ya pili inaposhikilia noti yake wakati besi imeshaondoka. Zinagongana, zinaumana, unaumia masikioni, kisha sauti ya pili inashuka taratibu na moyo unatulia. Kinanda hakikumsubiri mama. Kiliendelea tu, na yeye akabaki anaumia peke yake. Kwenye wimbo wa kijana hakuna kusubiriana, kwa hiyo mashine inatosha. Huu wetu unataka watu wawili wanaosikilizana.

Wanaosikilizana. Nilikaa na neno hilo usiku kucha. Nani alisema lazima waonane?

Leo jioni nimemsimamisha Marwa nje, chini ya dirisha la kanisa, mgongo ukutani. Ametoka shimoni moja kwa moja, tope mpaka kwenye nyusi. Mama Bhoke nimemsimamisha ndani, mgongo kwenye ukuta ule ule. Nikanyoosha mkono nje ya dirisha ili Marwa anione nikihesabu.

La. So. Fa. Mi. Sauti ikaingia kama inatoka chini ya msingi. Mama akafumba macho, akaingia. Zikafika pale. Zikagongana, na safari hii besi ikapunguza mwendo kidogo sana, ikamngoja, naye akashuka. Soprano wangu mmoja alisahau kuingia, na mimi nikasahau kumgombeza. Nililia. Nasema wazi, nililia mbele ya kwaya yangu, na miaka yote hii nilidhani naujua wimbo ule.

Tulipomaliza nikajifuta machozi. Mama Bhoke hakugeuka dirishani. Akanitazama mimi.

"Mwalimu, mwambie huyo wa nje apumue kwanza kabla ya hiyo mi ya mwisho. Anakimbia kama anafukuzwa na mbwa."

Kabla sijafungua mdomo, dirisha likajibu. "Mwalimu, mwambie mama nimesikia."

Kwaya nzima ikacheka, na mama akacheka ndani ya kitenge chake. Nikawa mpumbavu katikati, napeleka salamu zilizokwishafika. Nikamuuliza Marwa, na Jumapili ikinyesha? "Mwalimu, mimi nashinda kwenye maji huko chini. Hii ya juu itanifanya nini?"

Nilikuwa nimepanga kesho niende kwa mchungaji nimwombe aongee nao, awaambie kanisani sisi sote ni ndugu, mambo ya ukwe wayaache mlangoni. Siendi tena. Wageni wa Jumapili wataniuliza kwa nini besi wangu nimemwacha nje. Nitawajibu nini? Nadhani nitawaomba wanyamaze, wasikilize ukuta.