Kwako Thadei, Uliyeacha Kihamba Ukachagua Gati

Mwaka umetimia, Thadei, tangu uanguke na kufariki jukwaani kule Marlsea ukiwaeleza wageni habari za gati lao, na hasira yetu haijapoa. Wengine huandika kwamba pengo halizibiki. Sisi tunaandika kwamba umetuachia ugomvi.

Ulikuwa mwema, hilo hatukunyimi. Dereva gani mwingine wa basi hapa Tottenham, London, angemsubiri bibi mwenye mifuko ya sokoni mpaka akae, ndipo aondoe gari? Wenzako uliwashikia zamu bila kununa. Chai yako ilijaa tangawizi hadi ikakereketa koo, na kikombe hukuwahi kuosha.

Lakini siku yako ya mapumziko haikuwa yetu. Ulipanda treni kwenda Marlsea, mji wa watu kupunga upepo wa bahari, kujitolea katika jumba la maonyesho lililoko mwisho wa gati. Jioni mkeo Adelina anapakua ugali, wewe unasimulia. Gati la kwanza lilijengwa ili mabibi washuke melini bila kulowa viatu, dhoruba ikalikata katikati. La pili likaungua na ukumbi wake. Majumba ya maonyesho ya mjini yakageuzwa moja baada ya jingine, hili la kamari, lile duka la mazulia, likabaki hilo lako tu. Wanao, Daisy na Ryan, wanazijua mbao za gati la Waingereza kama sala ya Baba Yetu. Jina la baba wa babu yao hawalijui. Hilo Adelina hajakusamehe.

Kisha ukaacha wosia uzikwe hukohuko, kilimani, ulitazame gati. Mchaga mzima, wa kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo! Adelina alilia, akaona aibu, akatii. Tangu hapo yeye ndiye mbaya wa ukoo.

Majuzi kaka yako Samson alimpigia simu kutoka kwenu Kilema, Kilimanjaro.

"Shemeji, Krismasi mkija, uje na sale mkononi. Umemtupa mdogo wangu kwa Wazungu. Bila sale, getini hupiti."

Sale ni jani ambalo Mchaga akiletewa hana budi kusamehe. Adelina akaenda duka la maua, akanunua mmea mzima kwenye chungu. Alitaka watoto wafike kwa babu yao, hata kama ingembidi apige magoti. Daisy akamtazama, akamuuliza kosa lake ni lipi.

"But Mum, what did you do wrong?"

Adelina akachukua simu. Akampigia dada yako Elinaja wa Stanmore, naye akacheka kwa uchungu.

"Wifi, tia akili. Kitinda mimba ni nani? Thadei! Kwa mila zetu nyumba ya baba ni yake, na kihamba chake. Samson alivunja nyumba ile, akapandisha ghorofa, na Thadei alijua. Sasa alitaka mdogo wake azikwe wapi, sebuleni kwake?"

Kumbe ulijua, Thadei. Miaka yote ulitusimulia kumbi za watu zilizobomolewa, ukameza habari ya nyumba yako mwenyewe. Ungesema! Mkeo angekuwa na la kujibu mwaka mzima huu aliotukanwa. Upole wako umemponza, na tunakuambia bila kukuonea haya, marehemu au si marehemu.

Adelina atakwenda Krismasi na wanao. Atapita getini mikono mitupu, kichwa juu, aulize kaburi la mumewe lingekaa wapi. Mwenye kubeba sale safari hii si yeye.

Unakumbukwa na mkeo Adelina, wanao Daisy na Ryan, dada yako Elinaja, na Emma wa jumba la maonyesho, ambaye bado anakulilia. Kaka yako Samson ametuagiza jina lake lisiandikwe hapa. Tumeliandika.

Hatutakusahau kamwe, Thadei, hata siku tutakazotaka.