Mashine Haiondoki

Jumanne, usiku

Eti "mashine ya ukoo"! Tangu nimalize eda, shemeji Saidi hajaacha kuniambia kwamba mashine ya kuchomelea aliyoiacha mume wangu irudi kwao, kwa sababu karakana si mahali pa mwanamke.

Leo asubuhi kaja mwenyewe kutoka Kikole, kabeba msumeno wake wa mnyororo, mpini wa chuma umekatika. Ana mikorosho mizee ya kuangusha. Mpini umelowa oili chafu, naye ananihimiza, "Choma tu, shemeji, nina haraka."

Nimekataa. Chuma chenye oili hakishiki. Nimeufungua mpini, nikauweka kwenye makaa ya vifuu mpaka oili ikaungua yote, nikausugua, ndipo nikachomelea. Yeye kakaa juu ya ndoo, anaguna tu.

Ulipopoa akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukutikisika. "Marehemu alikufundisha vizuri," akasema. Halafu, bila haya: "Ijumaa nakuja na gari kuchukua mashine."

Naogopa, sikatai. Wazee wa ukoo watakuwa upande wake, na wanangu wanakula kwa mashine hii.

Lakini alipoondoka tu nimevaa miwani, nikaichomelea miguu ya mashine kwenye meza ya chuma, ile ambayo marehemu aliijengea sakafuni kwa zege. Kila mguu nimeuchomelea pande zote, sikubakiza upenyo.

Ijumaa na aje na gari lake. Atahitaji fundi wa kuikata, na fundi wa hapa Tingi ni mimi.