Safu ya Machozi

Jumatatu, 4 Juni 1951. Muleba
Tena mezani kwa Bwana Mtaalamu, asubuhi na mapema. Wiki ya pili. Shule ninayofundisha imefungwa, basi nimekuwa mkalimani na mwandishi wake. Anachunguza wafiwa. Mimi najaza safu: machozi, chakula, usingizi, kucheka. Leo niliandika kwamba mjane mmoja ana huzuni. Akalikata neno kwa penseli nyekundu. Huzuni uliionaje, akauliza. Nikaandika upya: amekaa, hajala. Kichwa kinaniuma.

Jumatano, 6 Juni
Mchungaji alikuja kunywa chai, wakabishana. Bwana anasema ya ndani ya mtu hayaonekani, kwa hiyo hayawezi kuwa elimu. Tuangalie matendo tu, kama tunavyomwangalia kuku akidonoa. Mchungaji akasema jino lake likiuma anajua bila kwenda kwenye kioo, na elimu inayoliacha hilo nje imemwacha nje mtu mwenyewe. Nilikuwa katikati, natafsiri. Kila niliyemtafsiria niliona anasema kweli. Nimerudi nyumbani sijui niko upande gani.

Ijumaa, 8 Juni
Bwana analalamika hana mzazi aliyefiwa na mtoto. Ninaye nyumbani. Mugisha wetu tulimzika Aprili, kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Surua. Tangu matanga yaishe sijamwona Koku, mke wangu, akilia. Anapalilia, anamenya ndizi za ebitoke, anafua. Juzi alicheka na jirani. Nikajiambia amepoa.

Nimejaza karatasi bila kutaja jina. Mama, miaka 24. Machozi: hakuna. Chakula: kama kawaida. Kucheka: mara moja. Naona aibu na sijui kwa nini. Kila neno ni kweli.

Jumamosi, 9 Juni
Bwana amefurahi. Anasema hajapata karatasi safi kama hii. Nimerudi na nakala yangu nikitembea kifua mbele. Mjinga mimi.

Jumapili, 10 Juni
Nakala niliichomeka kwenye kitabu cha nyimbo. Kitabu tunakitumia wote wawili. Koku alikifungua kanisani kutafuta wimbo, akaisoma yote huku watu wanasimama. Mwandiko wangu anaujua. Akaikunja, akaimba beti zote hadi mwisho. Sauti haikutetemeka.

Njiani aliuliza swali moja tu.

"Na baba wa mtoto, karatasi yake iko wapi?"



Jumatatu, 11 Juni
Amepanda lori la kahawa kwenda kwao Kemondo. Hakusema atarudi lini. Hakusema kama atarudi.

Jumanne, 12 Juni
Nimejaribu kujaza karatasi yangu mwenyewe. Machozi: hakuna. Chakula: kidogo. Usingizi: hakuna. Atakayeisoma atasema huyu ana minyoo. Sikulia hata kaburini, nikidhani ndio uanaume. Sasa kama ya ndani yangu hayaonekani, kwa nini niliamini ya ndani yake hayapo? Naligeuza jambo hili tangu asubuhi, linanizungusha.

Nimemwomba Bwana anirudishie karatasi. Amekataa, ni mali ya uchunguzi. Labda kwa upande wake ana haki. Nimeacha kazi. Namwogopa Koku kuliko kukosa kazi.

Alhamisi, 14 Juni. Kemondo
Nimefika kwa wakwe adhuhuri. Koku akatoka na kikapu kidogo cha akamwani, buni za kutafuna anazopewa mgeni. Akapiga magoti, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nyumbani hajawahi kunipa hivyo. Mimi si mgeni wake.

Nikamkazia macho. Uso, mikono, magoti. Mke anayemkaribisha mumewe kwao angefanya hivyo. Anayetaka kumwonyesha kwamba sasa ni mtu wa nje angefanya hivyo hivyo. Nimetafuna buni mbili bila kuelewa chochote. Woga mtupu.

Ijumaa, 15 Juni
Wakwe wamekwenda kuchuma kahawa, tumebaki wawili. Nilimwambia kwamba kila nikiamka namsikia Mugisha akikohoa. Sijawahi kumwambia mtu. Kisha nikamwuliza yeye anasikia nini. Miezi miwili chini ya paa moja, na sikuwahi kumwuliza.

Akaanza, kwa Kihaya, taratibu, mpaka chakula kikapoa.

Aliyoniambia siyaandiki.