Viatu vinne chini ya pazia

Shoga, jirani yangu Claudette kanipigia sasa hivi. Anaapa kasikia redioni kwamba mheshimiwa wetu Rosaire wa upinzani kakosa kura ya bajeti kwa kuumwa tumbo.

Tumbo gani? Alikuwa nyuma ya pazia la bunge, nami napita na birika la kahawa.

Si unajua serikali yetu haina wabunge wa kutosha. Wapinzani wote wakisema hapana inaanguka, tunaingia kwenye uchaguzi na theluji hii ya Kanada. Na Rosaire alishinda kwa kura tisa tu. Basi chama chake wiki nzima kinapiga kelele serikali ing'oke, halafu leo kikamwambia ajifiche asipige kura, maana uchaguzi wenyewe kinauogopa.

Sasa sikia. Anafunua pazia, anamkuta Noëlla wa chama kile kingine cha upinzani. Naye katumwa kujificha.

"Si wewe jana uliniita mwoga redioni?"

"Shusha sauti, mwoga. Na vuta tumbo ndani, linaonekana."

Pazia moja, shoga. Wamebanana kama makoti kabatini, viatu vinne vinachungulia chini.

Serikali ikapona kwa kura moja.

Rosaire kanifuata jikoni. "Dada Mireille, wakikuuliza, si utasema nilikuwa naumwa?"

Bado kasimama mlangoni, ananitazama ninavyokuandikia.